Hakuna Mtu Anayekwenda Kongo: Maneno kwa Wanaojiandaa na Safari

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya wafanyabiashara wa Kariakoo wanaojiandaa kuwafuata wateja wao upande wa pili. Wengi hawakuweza kufunga duka siku hiyo wakaniomba niiweke yote kwa maandishi. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, kaka na dada zangu. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Mwenyekiti kanipa dakika arobaini na kanionya nisizidishe, kwa hiyo sianzi na historia ya Mobutu. Naanza na swali. Nani hapa ana safari kabla ya mwaka kwisha? Nyosheni mikono tuone. Haya, mikono ni mingi. Wewe dada mwenye kitenge cha bluu, unakwenda wapi? Anasema Kongo. Na wewe kaka? Kongo. Na baba pale nyuma? Kongo.

Ndugu zangu, hakuna mtu anayekwenda Kongo.

Mnacheka, sawa, chekeni. Mtu anakwenda Lubumbashi. Mtu anakwenda Kalemie. Mtu anakwenda Kinshasa, au Kolwezi, au Kisangani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili na laki tatu. Ni ya pili kwa ukubwa Afrika baada ya Algeria. Ukiichukua Tanzania yetu yote ukaiweka humo ndani, inaingia mara mbili na nafasi inabaki. Inapakana na nchi 9. Tangu mwaka 2015 ina mikoa 26. Ina majira mawili ya saa: tukiwa sisi hapa saa sita mchana, Lubumbashi ni saa tano, Kinshasa ni saa nne. Nchi moja hiyo.

Sasa nisikilizeni hili, maana huwa halikubaliki mpaka mtu ashike ramani mwenyewe. Kwa njia ya anga, kutoka hapa Dar es Salaam mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 1,400. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Yaani mtu wa Lubumbashi yuko karibu zaidi na Kariakoo kuliko na ikulu ya rais wake. Ndiyo maana wateja wenu wanakuja hapa kununua. Wanafuata kilicho karibu.

Kuna kijana mmoja, jina lake nalihifadhi, aliuza mzigo wake wa viatu vizuri kabisa Lubumbashi. Akapigiwa simu na mteja wa Kinshasa: njoo na mabaki yote, nachukua. Siku hiyo ni Alhamisi. Kijana akaenda stendi akauliza basi la Kinshasa la kesho, ili Jumatatu awe amerudi. Yule mkata tiketi hakumcheka. Alimvutia kigoda, akamwambia, "Kaa kwanza, kaka." Akamweleza kwamba reli ya kutoka pale inaishia Ilebo, kwenye mto Kasai, na kutoka Ilebo watu hushika mashua. Barabara ipo kwenye ramani, lakini sehemu nyingine ni tope la kuzamisha lori mpaka mlangoni, na safari ya wiki mbili huko haimshangazi mtu. Anayetaka kufika kwa siku yake hupanda ndege. Kijana alipiga hesabu ya nauli ya ndege na gharama ya mzigo, akauza viatu palepale sokoni kwa bei ya hasara kidogo, akarudi nyumbani. Aliwahi kuuliza. Je, asingeuliza?

Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujafungua begi ni hili: Kongo ipi? Maana kila nitakachosema kuanzia sasa kinategemea jibu lako.

Tuchukue usalama. Watu wananiuliza, "Mama, Kongo kuna vita?" Nami nauliza, wapi? Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Huko, kama huna jambo la lazima kabisa, usiende. Nasema tena, usiende. Faida ya mzigo mmoja hailipi. Lakini kutoka Goma mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,000. Anayekatisha safari ya Lubumbashi kwa sababu ya habari za Goma, na anayekwenda Goma kwa sababu mwenzake alirudi salama kutoka Lubumbashi, wote wawili wamesahau kuuliza wapi.

Hali ya hewa nayo ni hivyohivyo. Ikweta inapita katikati ya nchi, kwa hiyo wakati wowote wa mwaka kuna mahali mvua inanyesha. Lubumbashi mvua ni kuanzia Novemba mpaka Aprili. Mji uko juu, karibu mita 1,200, na Juni na Julai asubuhi kuna baridi ya kukumbusha Mbeya. Bebeni sweta, msinitazame hivyo. Kinshasa kiangazi ni Juni mpaka Septemba, na miezi mingine ni joto la kunata na mvua inayogeuza mitaa kuwa mito. Mwenye safari ya barabarani achague kiangazi cha huko anakokwenda, asichague kiangazi cha Dar.

Na lugha. Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie, Kiswahili chako kinakutosha kununua, kuuza na kugombana. Watakuchekea kidogo jinsi unavyokisema, na wewe utawachekea, mambo yataisha. Ila mpatane vizuri kuhusu saa. Wengi wao wanaisoma kwa kufuata Kifaransa, kwa hiyo ukiambiwa tukutane saa mbili, uliza ni asubuhi hii watu wanakunywa chai au ni baada ya chakula cha mchana. Kinshasa ni Lingala na Kifaransa. Huko tafuta mwenyeji wa kukuongoza kabla hujaondoka hapa, si baada ya kufika uwanja wa N'djili ukiwa umezungukwa na watu kumi wanaotaka kukubebea begi.

Nije kwenye makaratasi. Hapa nitakwenda haraka, isipokuwa kwenye jambo moja.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Wako wanaodhani basi sasa ni kama kwenda Morogoro. Hapana. Masharti ya viza na ada hubadilika, kwa hiyo piga hodi ubalozi wa Kongo hapa Dar kabla hujakata tiketi, na wa Kigoma mna ubalozi mdogo wa Kongo palepale mjini. Usimuulize jirani aliyekwenda mwaka juzi. Pasipoti iwe na muda wa kutosha na kurasa wazi. Toa nakala, si moja, toa nyingi. Nakala ya pasipoti, nakala ya viza, nakala ya barua ya mwaliko kama unayo. Andika pia namba ya ubalozi mdogo wetu ulioko Lubumbashi, uiandike kwenye karatasi, maana simu huzimika.

Jambo lenyewe sasa: kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Na chanjo hiyo haihesabiki mpaka zipite siku 10 tangu uchomwe. Kuna watu wanachomwa leo wanasafiri kesho, kisha wanashangaa mpakani. Wako wengine, na hawa ndio wananiuma roho, wananunua kadi mtaani bila kuchomwa sindano yoyote. Ndugu yangu, mbu hasomi kadi. Tena ukirudi, Tanzania yetu yenyewe inaidai kadi hiyo kwa anayetoka Kongo. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 chanjo moja inakutosha maisha yako yote. Ukiwa na kadi ya zamani iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka kumi, bado ni halali. Mkaguzi mwingine anaweza kubisha. Mweleze taratibu, usimtupie kadi mezani.

Haya. Sasa tuingie kwenye fedha. Hapa ndipo mtakaponikumbuka.

Kongo wana faranga yao, lakini dola ya Marekani inatembea kila mahali: hotelini, dukani, kwenye kodi ya nyumba. Mashine za benki zinatoa dola. Sasa wewe unasema, vizuri, nitabeba dola. Dola ipi? Kuna mama mwenzetu, yuko humu ndani na amenikubalia nisimulie, alifika hoteli moja Lubumbashi usiku, kachoka, na noti zake za mia mia kwenye bahasha. Binti wa mapokezi akachukua ya kwanza. Akainyanyua kwenye taa. Akaipitisha ukucha kwenye kola ya koti la yule mzee wa kwenye picha. Akaigeuza. Akaisogeza tena kwa mama kwa vidole viwili: "Mama, hii haipite." Kwa nini? Pembeni kulikuwa na alama ya kalamu ya bluu, ndogo kama punje ya mchele. Ya pili akaipokea. Ya tatu ilikuwa na mpasuko wa nywele kwenye pindo. "Haipite." Ya nne ilikuwa ya zamani, zile zenye kichwa kidogo. "Haipite, Mama." Asubuhi yake alizipeleka kwa wabadilisha fedha, wale wanaokaa barabarani na matofali ya faranga juu ya meza. Walizichukua, lakini kwa kuzikata bei, na kila aliyezishika alimtazama kwa huruma.

Na hapo hapo mezani, ndugu zangu, faranga zilizokuwa zikipokelewa na kutolewa zilikuwa zimechakaa, zimelowa, zimeungwa kwa gundi, na hakuna aliyeuliza kitu! Usitafute mantiki. Faranga hata ikiwa tambara inakwenda. Dola ikiwa na kovu haiendi. Basi. Ukienda benki hapa kuchukua dola, simama palepale dirishani uzikague moja moja, uombe mpya, na anayekuvutia uso mvutie uso. Noti ya dola moja wengi hawaitaki. Beba za ishirini na za hamsini za kutosha, maana ukitoa mia kununua kitu cha dola tano unarudishiwa chenchi ya faranga, na noti kubwa ya faranga ni ya 20,000. Utatoka dukani umebeba furushi kuliko ulichonunua.

M-Pesa ipo, Airtel Money ipo, Orange Money ipo, na simu inakutunzia dola na faranga kila kimoja na akaunti yake. Ila ni laini ya huko, inayosajiliwa kwa pasipoti yako. Isajili siku ya kwanza kwenye duka la kampuni lenyewe, siyo kwa kijana wa mwavuli. Na anayesafiri kwa ndege aweke kando fedha ya Go Pass, kodi ya uwanja wa ndege. Kwa safari za nje imekuwa dola 50 kwa miaka mingi. Muulize aliyekukatia tiketi kama imo kwenye nauli, usije ukabaki mlangoni unatafuta.

Njia. Wengi wenu mtapita barabara: Tunduma, Nakonde, mnaikata Zambia mpaka Chililabombwe, mnatokea Kasumbalesa. Kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 90 tu. Hizo tisini ndizo zinazokula siku. Foleni ya malori mnaijua. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka huo siku kadhaa kwa sababu ya mvutano wa biashara ya bia na soda. Bia na soda! Waliokuwa na nyanya na kuku walilala barabarani wakisikiliza habari redioni. Je, ratiba yako ina nafasi ya jambo kama hilo? Ukipanga kufika Jumanne na mkutano ni Jumanne, hujapanga kitu. Acha siku mbili wazi, na uwe na fedha ya kula siku hizo.

Ukishavuka, kumbuka kwamba Kongo wanaendesha upande wa kulia. Sisi na Zambia tunaendesha kushoto. Wenye magari yenu mnaelewa. Lakini hata abiria: Lubumbashi magari mengi yametoka Japani kupitia bandari yetu hii, usukani uko kulia kama wetu, na Hiace nyingine mlango wake uko palepale ulipokuwa. Sasa gari likisimama upande wa kulia wa barabara, mlango unafungukia wapi? Katikati ya barabara. Unashuka, pikipiki iko hapa, puani. Tazama kwanza, ndipo ushushe mguu. Na ukivuka barabara kwa miguu, macho yako yamezoea kuangalia kulia. Yazoeze.

Wa Kalemie, Moba na Uvira mnapita ziwani kutoka Kigoma. Wa Uvira kwanza mniambie kama mmesikiliza habari za wiki hii, kwa sababu mji ule uko jirani na hayo niliyosema ya Kivu. Wengine wote, ziwa Tanganyika lina kina kinachofika karibu mita 1,470, kwa hiyo msilichezee. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku pale Goma. Watu walikuwa nchi kavu wanaiona. Ilijaa kupita kiasi. Ukifika ufukweni ukakuta boti imejaa mpaka maji yanalamba ukingo, shuka. Ukiambiwa inaondoka saa nne usiku, lala. Uliza jaketi okozi liko wapi, ulivae, na wanaokucheka waache wacheke.

Ndege za ndani nazo: mashirika yote yaliyosajiliwa Kongo yamo kwenye orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka Ulaya. Siwaambii msipande, maana kwenda Kisangani au Mbuji-Mayi utapanda nini? Nasema chagueni shirika kwa kuwauliza wenyeji wanaosafiri kila mwezi, chukueni ya asubuhi, na msiunganishe ndege mbili siku moja.

Sasa watu. Na hapa nataka niende polepole.

Tulikuwa kwenye lori, mimi nikiwa kiti cha pembeni, kwenye kizuizi kimoja baada ya mpaka. Dereva alikuwa mzee wa Makambako, amepita njia ile miaka na miaka. Vijana wa kizuizi wakasimamisha. Utingo wetu, kijana wa mjini, akatoa simu tayari kurekodi. Mzee akamwambia kwa sauti ya chini, "Rudisha hiyo mfukoni kabla haijawa ya kwao." Kisha akazima injini. Sikilizeni hilo: alizima injini. Akashuka. Akavua kofia. "Papa, habari ya leo? Watoto wako vizuri? Mvua imewafikia huku?" Hakutoa pasipoti, alitoa nakala, akaishika kwa mikono miwili. Mkubwa wao akaanza: kuna ada hii, kuna ada ile. Mzee akasema, "Sawa, papa. Nitalipa. Naomba tu uniandikie risiti, bosi wangu ni mkali, bila karatasi atanikata mshahara." Akakaa juu ya jiwe, kama mtu ambaye hana pa kwenda. Lori la nyuma yetu, dereva wake anapiga honi, anafoka, anataja majina ya wakubwa anaowafahamu. Baada ya muda tukaambiwa tupite. Yule wa honi tulimwacha pale, na jioni alikuwa hajafika mjini.

Nini kilifanya kazi pale? Muda. Wao wana siku nzima. Ukiwaonyesha kwamba una haraka, haraka yako ndiyo wanayoiuza. Ukiwaonyesha kwamba na wewe una siku nzima, hakuna biashara. Na heshima: mwanamume mzima ni papa, mwanamke ni mama, hata kama umemzidi umri kidogo. Usianze shida yako kabla ya salamu. Nami sisemi kila askari wa huko ni mla rushwa. Nimesaidiwa na askari wa Lubumbashi aliyenisindikiza kwa miguu mpaka mlango wa hoteli bila kutaka kitu. Nasema jiandaeni kwa yule mwingine. Na anayekuja na nguo za kawaida akasema ni afisa wa uhamiaji, muombe kitambulisho, kisha muombe mwende pamoja ofisini. Usimfuate kwenye gari.

Picha. Kongo hawapendi picha za kiwanja cha ndege, daraja, kituo cha polisi, kambi, jengo la serikali. Pale Kinshasa unasimama ukingoni mwa mto, ng'ambo unaiona Brazzaville, miji mikuu miwili inatazamana, unatamani kupiga. Usipige bila kuuliza. Ni mpaka ule, hata kama unaonekana ni mandhari. Ukiwa Kinshasa na bendera inapandishwa asubuhi au kushushwa jioni, simama ulipo mpaka imalizike. Msafara wa wakubwa ukipita, kaa pembeni. Na nguo za mabaka kama za jeshi, hata kofia ya mtumba, ziacheni hapa hapa Kariakoo. Mengine yote vaeni vizuri! Wakongomani wanavaa. Ukienda kwenye kikao cha biashara Kinshasa na fulana na kandambili, umeshapunguziwa bei kabla hujakaa.

Mashabiki wa mpira, najua mpo. Mnaoifuata TP Mazembe, timu ya Lubumbashi, kwake Kamalondo, masharti ni haya haya. Simba wanaikumbuka Lubumbashi ya Aprili 2019, sitataja magoli. Yanga msicheke sana, ya kwenu ya 2023 mlishinda kwa goli moja tu. Jezi ya timu ivae uwanjani, ukitoka ivue.

Chakula hakitawasumbua. Ugali upo, wanauita bukari. Sombe ndiyo kisamvu chetu. Mbuzi wa kuchoma wa Lubumbashi, michopo, sijapata kuona mfano wake, na hapa nitagombana na watu wa Arusha. Kinshasa kuna samaki wa liboke, anayefungwa kwenye majani na kuwekwa motoni, kula naye kwanga, ule mkate wao wa mihogo. Nyama ya porini, hasa ya tumbili, kataeni kwa adabu. Maji ni ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa mbele yako, maana kipindupindu mkoa wa Tanganyika, upande wa Kalemie, ni mgeni asiyeondoka.

Ebola mmenisubiri niitaje. Ndiyo, ugonjwa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza Kongo, Yambuku, mwaka 1976, na mlipuko wa Septemba 2025 ulikuwa Bulape, mkoa wa Kasai, ukatangazwa kwisha Desemba. Mnaona? Ukisikia Ebola Kongo, uliza wapi, kisha uliza kama njia yako inapita huko. Nawa mikono, usishike wagonjwa na maiti kwa kisingizio cha utu, na kipimo cha joto mpakani usikikwepe.

Lakini ugonjwa wenyewe wa kuogopa ni ule mnaoudharau. Malaria. Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa, nyuma ya Nigeria. "Sisi tumezaliwa nayo," mnasema. Umezaliwa nayo, lakini sasa unalala kwenye nyumba yenye wavu na feni, na mwili umeshasahau. Beba chandarua chako, si cha hoteli chenye tundu la kupitisha ngumi. Beba dawa mseto na vipimo kutoka hapa, kwa ushauri wa daktari. Na ukirudi, ukipata homa hata baada ya wiki tatu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe mahali ulipotoka. Msiseme "nimechoka na safari."

Mizigo ya kurudi nayo. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu mtauziwa kwa bei ya kutupa. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku huyo aliyekamatwa porini imefungwa. Pembe za ndovu hata kipande cha bangili, msiguse. Vinyago vya malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga, ni vizuri sana, nunueni dukani na risiti. Jiwe ghafi ambalo mtu amekupa barabarani, lirudishe. Madini ya watu yana wenyewe.

Plagi za huko ni za pini mbili za duara, tafuteni adapta mtaa wa pili hapa, msinunue mpakani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemaliza, mwenyekiti. Kabla hamjatawanyika, pale mlangoni kuna meza na taa. Wenye dola tayari waje nazo tuzikague noti kwa noti, na wenye kadi za njano waje nazo pia nione tarehe. Wa Kalemie muoneni baba wa Kigoma aliyevaa koti, yeye anawafahamu manahodha. Wa Kinshasa mniachie namba, niwaunganishe na mwenyeji anayejua Lingala. Maswali nitayajibu hapo hapo mezani. Karibuni chai.